Chumvi na Maji katika Mwili wa Binadamu

Katika bonde la Ziwa Rukwa, upande wa wilaya ya Momba katika mkoa wa Songwe, kuna mahali paitwapo Ivuna ambapo maji ya chumvi hutoka ardhini. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba mahali hapo, wakakuta mabaki ya makazi na vyungu vya watu waliokuwa wakipika chumvi baina ya karne ya 13 na ya 15. Kupika chumvi ni kazi nzito. Maji ya chumvi huchemshwa kwa kuni nyingi mpaka yakauke, na sufuria nzima huacha fungu dogo tu la chumvi. Hata hivyo binadamu wa kila zama amekubali taabu hiyo, naye akasafiri siku nyingi kwa miguu kuifuata chumvi palipo na chumvi.

Ajabu ni kwamba chumvi haina nguvu ya chakula. Haijengi misuli kama protini, wala haichomwi mwilini kama sukari na mafuta. Ladha peke yake haitoshi kueleza kwa nini mtu aithamini kiasi hicho. Sababu hasa ni kwamba chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini, na mtu aliyepungukiwa na chumvi hawezi kuyaweka maji hata akinywa ndoo nzima.

(Jina la Ivuna linajulikana duniani kwa sababu nyingine pia. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo kidogo cha gramu 705 hivi. Tofauti na kimondo kikubwa cha Mbozi, ambacho ni chuma, jiwe la Ivuna lina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na aina nzima ya vimondo adimu vya namna hiyo imepewa jina la kijiji hicho. Basi maji na chumvi vimekutana Ivuna kwa njia zaidi ya moja.)

Maji ya ndani na maji ya nje

Mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji mwilini, yaani kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Mtoto mchanga ana sehemu kubwa zaidi, karibu asilimia 75, na jambo hili tutalirudia kwa sababu lina uzito wake. Maji hayo hayakukaa ovyo kama maji katika mtungi. Lita 28 hivi zimo ndani ya seli, zile chembe hai ndogo mno zinazojenga kila kiungo. Lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli, na kati ya hizo kiasi cha lita 3 tu ndizo zilizomo katika mishipa kama sehemu ya majimaji ya damu.

Maji ya nje yana sodiamu kwa wingi, nayo sodiamu ni nusu ya chumvi ya mezani. Nusu ya pili ni kloridi. Maji ya ndani yana potasiamu kwa wingi. Ukuta wa seli hupitisha maji kwa urahisi lakini hauruhusu sodiamu kupita ovyo. Kwa hiyo maji huelekea daima upande ambao chumvi zake ni nyingi zaidi, mpaka pande zote mbili zilingane. Mwendo huo wa maji huitwa osmosisi.

Msomaji anaweza kuutazama mwendo huo kwa macho yake. Achukue kiazi mviringo kibichi, akate vipande viwili vyenye urefu sawa. Kimoja akitie katika bilauri ya maji matupu, na cha pili katika bilauri ya maji yaliyokorogwa vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa kadhaa, kile cha maji matupu kitakuwa kigumu, tena kimevimba kidogo, na cha maji ya chumvi kitakuwa kimelegea hata kinapindika kama ukanda. Maji yametoka ndani ya seli za kiazi kuifuata chumvi. Mvuvi wa Rukwa anayepaka samaki chumvi ili asioze hutumia kanuni iyo hiyo: chumvi huyatoa maji katika mnofu, na bakteria wanaoozesha samaki hunyimwa maji ya kuishi.

Ili seli zetu zisivimbe wala zisinywee, maji yanayozizunguka hayana budi kuwa na kiasi cha chumvi kisichobadilika. Nguvu yake ni sawa na ya maji yaliyotiwa gramu 9 za chumvi katika kila lita, na ndiyo maana maji anayotundikiwa mgonjwa hospitalini hutengenezwa mara nyingi kwa kipimo hicho. Kila seli nayo ina pampu zake zinazoisukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Pampu hizo ziligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Mtu aliyelala usingizi hutumia takriban moja ya tano ya nguvu zake kuziendesha. Gharama hiyo si ndogo, na inaonyesha jinsi mwili unavyolihesabu jambo hili.

Walinzi wa kipimo ni figo na kiu. Figo huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu zote katika damu, zikiacha lita moja au mbili tu ziwe mkojo. Damu ikianza kuwa na chumvi nyingi kidogo tu kuliko kawaida, ubongo hutoa homoni ya kuziamuru figo zibane maji, na papo hapo mtu huona kiu. Chumvi ikipungua, homoni nyingine huziamuru figo zirudishe sodiamu. Lakini uwezo wa figo una mpaka. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi hivyo. Mvuvi aliyepotea baharini akinywa maji hayo, atalazimika kupoteza maji mengi kuliko aliyokunywa ili kuitoa chumvi, naye atakufa kwa kiu huku tumbo limejaa maji.

Jasho la mkulima na la mpakia mizigo

Tunduma ni mji wa nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake hutaka sweta. Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi tu, na joto la bonde lake ni kali. Mtu wa Mbozi anayeteremka bondeni kulima mpunga au ufuta hubadilisha nchi mbili kwa safari ya siku moja, na jasho lake halijui bado kwamba amehama. Anayefanya kazi nzito juani aweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja. Katika lita hiyo mna chumvi baina ya gramu moja na nne au zaidi. Mwili ukizoea joto, baada ya wiki moja au mbili, hujifunza kuirudisha chumvi kabla jasho halijatoka nje ya ngozi. Kwa hiyo ni siku za kwanza ambazo mgeni wa bondeni hupungukiwa zaidi, na si mwisho wa msimu.

Kama chumvi iliyopotea hairudishwi, maji hayafai kitu. Jambo hili lilidhihirika Uingereza mwaka 1923, wakati wataalamu walipochunguza mikakamao ya misuli iliyowapata wachimbaji wa makaa ya mawe katika migodi yenye joto. Wachimbaji hao walikunywa maji mengi matupu, na maumivu yakazidi. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao, yakapungua. Baadaye, Robert McCance aliwalisha watu waliojitolea chakula kisicho na chumvi na kuwatoa jasho kwa joto siku kadhaa. Walilegea, wakapatwa na mikakamao, na chakula kikapoteza ladha vinywani mwao. Maji waliyokunywa hayakukaa mwilini. Yalitoka kama mkojo, kwa sababu figo hazikubali kuyaweka maji yasiyo na chumvi ya kuyashika.

Hatari ya upande huo imeonekana tena katika michezo. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 2002, wachunguzi walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu pungufu kuliko inavyotakiwa. Wengi wao walikuwa wamekunywa maji kupita kiasi, hata wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walipoanza. Sodiamu ikipungua mno, maji huingia katika seli za ubongo nazo huvimba. Mtu huumwa kichwa, huchanganyikiwa, na mwishowe hupatwa na degedege.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kila mtu anayetoka jasho anahitaji kuongeza chumvi. Mpakia mizigo pale mpakani Tunduma, anayekula ugali kwa dagaa au maharage yaliyoungwa, huipata chumvi yake katika sahani. Linalompasa ni kunywa maji kadiri ya kiu na kutoruka chakula cha mchana. Dereva wa lori anayekaa katika msururu kusubiri kibali hatoki jasho la kuhesabika, na chumvi nyingi katika chipsi na nyama choma humpandishia shinikizo la damu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula. Na wenyeji wa Mbozi wasiwe na wasiwasi na kahawa yao: mtu aliyeizoea hapotezi maji kwa vikombe viwili vitatu, kwani maji yaliyomo katika kahawa yenyewe ni mengi kuliko yale ambayo kahawa humsukuma kukojoa.

Mlango wa utumbo

Hakuna jambo linaloyatoa maji na chumvi mwilini upesi kama kuhara. Katika kipindupindu mtu mzima aweza kupoteza lita moja kwa saa. Mtoto wa kilo 8 akipoteza lita moja amepoteza zaidi ya asilimia 12 ya uzito wake, na hapo maisha yake yamo hatarini. Ndiyo maana ilisemwa hapo juu kwamba wingi wa maji katika mwili wa mtoto una uzito wake: akiba yake ni ndogo, na huisha wakati mama bado anafikiri kama aende zahanati leo au kesho.

Kipindupindu ni ugonjwa wa njia za watu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ugonjwa huo ulivyofika pwani mwaka 1869 pamoja na misafara iliyotoka bara. Leo misafara ni malori na mabasi, na Tunduma ni lango moja kubwa la nchi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea katika mikoa mingi ya Tanzania hadi mwaka 2018. Watu zaidi ya 33,000 waliugua na zaidi ya 500 wakafa.

Tiba yake ilianza kukisiwa mapema. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa, akaona imepungukiwa na maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta wa Scotland akawaingizia wagonjwa maji ya chumvi katika mishipa, na baadhi yao waliokuwa wakikata roho wakaketi na kusema. Lakini sindano, maji safi na mtu mwenye ujuzi vilikuwa adimu, na wazo hilo likalala miaka mingi. Kuwanywesha wagonjwa hakukusaidia, kwa kuwa maji matupu yalipita katika utumbo kama katika bomba, na maji ya chumvi peke yake yalipita vivyo hivyo.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1960, wakati Robert Crane alipoeleza kwamba ukuta wa utumbo mwembamba una milango ambayo hupitisha sodiamu na sukari ya glukosi kwa pamoja. Sodiamu na glukosi vikifika mlangoni vyote viwili, huingia, na maji huvifuata kwa osmosisi. Kimoja kikikosekana, mlango haufunguki. Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba sumu ya kipindupindu, ambayo huufanya utumbo umwage maji, haiuharibu mlango huo. Mgonjwa anayeharisha kama bomba lililofunguliwa bado aweza kunyweshwa na maji yakaingia.

Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walithibitisha hivyo kwa wagonjwa wa kipindupindu. Kisha ukaja mwaka 1971, vita vya Bangladesh, na mamilioni ya wakimbizi wakavuka kuingia India. Katika kambi ya Bongaon maji ya kutundika yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na glukosi vipimwe, vifungwe katika mifuko, vikorogwe katika madumu ya maji, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka hadi chini ya asilimia 4, ilhali kabla ya hapo vilifikia takriban asilimia 30.

Pakiti za ORS zinazotolewa katika zahanati zetu ni watoto wa kazi hiyo. Tangu mwaka 2002 pakiti ya lita moja huwa na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Ukipiga hesabu kwa kemia, sodiamu na glukosi hapo ni sawa kabisa kwa idadi ya chembe, kila moja mbele ya mwenziwe mlangoni. Kabla ya mwaka 2002 vipimo vilikuwa vikubwa zaidi, vikapunguzwa baada ya kuonekana kwamba kinywaji chepesi hupunguza kutapika na wingi wa kinyesi. Mtoto hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Bado kuna wazee wanaomkataza mtoto anayehara kunywa, wakidhani maji yatamzidishia. Dhana hiyo imeua wengi. Wengine humpa soda, ambayo ina sukari nyingi na chumvi kidogo sana. Sukari hiyo huyavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, kama chumvi ilivyoyavuta maji ya kiazi, na kuhara huzidi. Uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo ni bora kuliko soda kwa mbali, maana wanga wa mahindi au mchele humeng'enywa polepole ukawa glukosi, mlango kwa mlango. Ziwa la mama nalo lisikatizwe hata kidogo.

Pakiti ikikosekana, nyumbani hutengenezwa kinywaji cha lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa, visirundikwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe kila anapohara, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, mama angoje dakika kumi, aanze tena kwa kijiko kimoja kimoja. Mtoto aliyelegea, macho yaliyotumbukia, asiyekojoa, au ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja, huku akinyweshwa njiani.

Katika kipimo hicho, kosa la sukari husameheka kidogo. Kosa la chumvi halisameheki. Chumvi ikizidi, maji hutoka katika seli za ubongo wa mtoto nazo hunywea, na aweza kupata degedege na kufa kwa dawa aliyopewa kwa upendo. Na chumvi si moja. Chumvi ya mawe yenye punje kubwa huacha nafasi katikati ya punje, hivyo nusu kijiko chake ni chepesi kuliko nusu kijiko cha chumvi laini ya pakiti. Chumvi iliyopikwa vijijini kwa maji ya ardhini aghalabu huwa na madini mengine yaliyochanganyika, kwa kadiri inayotofautiana mahali na mahali. Kwa sababu hiyo pakiti ya ORS hutangulia daima pale inapopatikana, na kijiko hutumika kwa dharura. Anayetumia kijiko na aonje maji baada ya kutia chumvi, kabla hajatia sukari: yakiwa makali kuliko machozi, ayamwage na kuanza upya. Kinywaji kilichobaki baada ya saa 24 nacho humwagwa, kwa kuwa bakteria nao hupenda sukari.